Upande wa Chini wa Chuma

Maisaka, Babati
3 Agosti 2024

Kaka Silas,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kusini walikokuhamishia, mahali ambapo basi linafika siku ya pili. Sisi huku hatujambo. Mama mguu wake unavimba kila jioni, ila mdomo wake hauna shida, anamgombeza yeyote anayepita uani. Zawadi amekuwa wa nne darasani. Jesse ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona mzee wa boma. Martha anatembea hatua sita, ya saba anaanguka. Mume wangu Benson yuko njiani na lori, amepeleka mahindi Arusha. Mbaazi za shamba la Singe zimekubali mwaka huu, tunaanza kuvuna wiki ijayo.

Najua barua zako zinasomwa kabla hujapewa. Afande unayesoma, shikamoo na wewe.

Sasa nililotaka kukuambia. Wakili Konstantini aliniita ofisini kwake. Amesoma hukumu yako mara tatu na anasema imesimama kwa mguu mmoja tu. Vile vipande kumi na vinne vya kufyatulia walivyovikuta kwenye magobore ya majangili, mtaalamu wa serikali alisema vimekatwa kwenye mashine yetu ya kukatia chuma kwa maji. Hilo hatulibishi, Manyara nzima mashine ya namna hiyo ni ile moja. Lakini akaongeza kwamba ukataji safi kiasi kile, juu na chini sawasawa, hakuna anayeuweza ila Silas Gidamanyega. Ulisema wiki yote wanayodai vilikatwa ulikuwa Singe kwenye mazishi ya baba mdogo. Ndugu wakasimama wakathibitisha, hakimu akasema ndugu ni ndugu. Ukapewa miaka saba kwa sababu unajua kazi yako.

Basi wakili anasema hivi: akipatikana mtu mwingine akakata chuma cha milimita nane kwenye mashine hiyohiyo, kikatoka safi vilevile, mguu huo umevunjika. Rufaa itasikilizwa Februari. Mtu huyo ni mimi.

Usicheke. Miaka yote nimekaa pale mlangoni napokea wateja, nikikuangalia. Nimewasha pampu, nimemwaga mchanga mwekundu kwenye chombo chake, nimekata. Juu kumenyooka vizuri. Chini kuna mistari iliyopinda, ukipitisha kidole kinakwaruzika, na ukuta wa mkato wenyewe umelala upande. Ni aibu. Niambie nakosea wapi nisikosee tena.

Mdogo wako,
Modesta

*

9 Septemba 2024

Mdogo wangu Modesta,

Marahaba. Barua yako ilikaa mezani kwa afande siku kumi na tisa. Afande naye anasema marahaba, na anauliza mbaazi zinauzwaje.

Mimi ni mzima. Naamka, nahesabiwa, nalima, nahesabiwa, nalala. Maharage ya hapa yana mawe kuliko shamba la Singe, nimeshapasua jino moja. Mwambie Mama asiache kukanda mguu kwa maji ya chumvi. Mwambie Zawadi kwamba wa nne ni vizuri, ila juu yake kuna watu watatu. Nisalimie Jesse, Martha, jirani Mwanaharusi wa duka la vitenge, na yule mbwa asiye na mkia.

Kuhusu kazi. Mashine ile si cherehani, Modesta. Maji yale yakikupata kidoleni yanapita kwenye mfupa bila kupiga hodi. Kama ni lazima, basi fanya hivi. Kwanza angalia presha ya pampu, ikishuka badilisha mipira ya ndani, ipo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Pili, mchanga uwe mkavu kabisa na uuchekeche. Tatu, pua isiwe mbali na chuma, unene wa sarafu moja unatosha.

Mwendo wa kichwa cha mashine kinapokata usiuguse. Nimeuweka mwenyewe mia mbili, uache hapohapo. Ukiupunguza, maji yatarudi juu na kupasua kile kito kidogo kilicho kichwani, na kito hicho hakipatikani nchini. Hapo utakuwa huna mashine kabisa.

Wala usijiumize sana. Miaka inakwenda. Watu wamefungwa mingi kuliko yangu na wametoka.

Kaka yako,
Silas

*

Maisaka
6 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo. Pole na jino. Mama amelia, halafu akasema ni kwa sababu hukuwa unachambua maharage tangu utoto.

Umewasalimu wote mpaka mbwa. Benson hukumtaja. Nimemwambia umemsalimu, nimekusingizia. Alishukuru, akatoka nje kuangalia tairi za lori zisizokuwa na tatizo lolote. Siku hizi akiwa nyumbani hakai ndani. Anasema tuiuze mashine, kuna mtu wa Singida anaitaka, na kwamba nikiendelea kuchezea ile pampu watoto watabaki yatima. Nikamwambia mashine ni ya marehemu baba na wewe ndiye mwenyewe mwenye kuiuza. Tangu hapo hatujaongea vizuri. Nimechoka, kaka. Nyumba imekuwa kama chumba cha kusubiria daktari.

Nimefanya yote uliyosema. Nimebadilisha mipira, presha imepanda. Pua nimeishusha unene wa sarafu. Mchanga mpya umeisha, yule wakala wa Arusha anasema meli bado, kwa hiyo nachota uliotumika kwenye tangi chini ya mashine, naosha, naanika juani kwenye turubai, nachekecha.

Matokeo ni mabaya kuliko mwanzo. Sasa hivi mistari haipo chini tu. Chuma kinakatika vizuri urefu wa kiganja, halafu ghafla kuna sehemu haikukatika kabisa, halafu kinaendelea. Kama mtu anayesoma na kukwama. Nimeharibu sahani nzima ya chuma. Wakili alipokuja kuona alikishika kipande, akakigeuzageuza, akasema tu, "Mama Zawadi, jaribu tena." Nilitamani ardhi inimeze.

Mwendo sijaugusa, nimekutii.

Niambie ukweli, hii kazi ni ngumu kwa sababu ni ngumu, au kwa sababu ni mimi?

Modesta

*

24 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikuwa hospitali ya gereza siku nane, homa tu, imepita. Ndiyo maana nimechelewa. Usimwambie Mama.

Nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza kama homa imerudi. Turubai gani uliloanikia mchanga? Si lile la mbaazi? Lililotandazwa uani mwezi mzima, mkapigia mbaazi juu yake? Modesta, umeingiza maganda ya mbaazi kwenye mashine. Ganda moja likikaa kwenye mrija wa mchanga, mchanga unakatika, maji yanabaki peke yake, na maji peke yake hayakati chuma. Ganda likipita, mchanga unarudi. Ndiyo huko kusoma na kukwama. Fundi wa Ulaya angetafuta kosa hilo mwaka mzima asilione, maana hana mbaazi.

Toa mrija, upulize, uoshe. Mchanga uanike kwenye mabati masafi. Halafu chukua sindano nene ya kushonea magunia, uipime kwenye tundu la pua. Ikichezacheza, pua imekwisha, imetanuka kwa kuliwa na mchanga. Ipo moja mpya, nimeificha ndani ya buti langu la kushoto.

Haya nimekuambia kwa sababu nilishindwa kujizuia. Kusikia chuma kinakatwa vibaya ni sawa na kusikia mtoto analia chumba cha pili.

Ila sikiliza. Hata ukirekebisha hayo, mistari ya chini haitaondoka. Mimi ilinichukua miaka mitano. Mwendo uache. Mwambie wakili atafute njia nyingine, au aache. Wewe vuna, tunza Mama, lea watoto. Hujashindwa mtihani wowote, ni mtihani tu haukuwa wako.

Silas

*

Maisaka
12 Januari 2025

Kaka Silas,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Tulikula Krismasi bila wewe, mbuzi wa Mama alikuwa mgumu, kila mtu akasema mtamu. Mama anakusalimu. Watoto hawajambo. Homa yako sijamwambia mtu. Barua hii nimemkabidhi mtu wa kanisa anayekuja huko, isipite mezani kwa afande.

Ulikuwa sahihi kuhusu maganda. Niliyatoa kwenye mrija nikayaweka kiganjani, yalikuwa saba, nikacheka na kulia pamoja. Pua mpya niliipata kwenye buti. Nikakata. Safari hii theluthi mbili za juu zilikuwa laini kama ubao uliopigwa msasa, chini bado mistari. Nikasema basi, ndivyo alivyoniambia, hapa ndipo mwisho wangu.

Halafu wiki iliyopita mchanga ukapungua tena. Safari hii nikaingia ndani ya tangi na koleo, mpaka tope la chini kabisa, ambalo tangu uondoke hakuna aliyeligusa, hata wale askari waliokuja kupekua walitazama juu tu. Koleo likagonga chuma. Nikavuta. Ni sahani ya milimita nane yenye matundu kumi na manne.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope.

Niliisafisha kwa kanga yangu. Kuta za matundu yale ni laini juu mpaka chini. Kwenye pembe mbili za sahani kulikuwa bado na vipande vya mpira wa tairi, vile vya kuifunga isitikisike wakati wa kukatwa. Wewe huwa unabana kwa jiwe la chuma. Mpira ule ulifungwa kwa fundo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine yeyote, ndilo linalofunga magunia yangu kwenye lori kila msimu, miaka kumi na moja sasa. Hata hivyo jina siandiki. Wewe unalijua, na sasa naona ulilijua siku zote.

Kuna jambo jingine. Mahali maji yalipoanzia kutoboa na mahali yalipokata kona, niliona alama zimesimama wima, hazikulala nyuma. Kichwa cha mashine kilikuwa kinatembea taratibu sana. Nikawaza usiku kucha. Barua zako zote, presha, mchanga, pua, kila kitu umenifundisha. Mwendo tu ndio ulionikataza, mara mbili.

Asubuhi nikauteremsha kutoka mia mbili mpaka themanini. Kito hakikupasuka. Chuma kikatoka safi, juu na chini sawa. Nimekata vipande vitatu ili nisijidanganye. Kumbe haraka haraka haina baraka hata kwenye chuma.

Vipande viko ndani ya sanduku la Zawadi la shule. Wakili bado hajaviona. Sahani nimeirudisha kwenye tope. Nyumbani sijasema neno. Napika, nakula, naitikia nikiitwa. Mahakama ni tarehe ishirini na sita Februari.

Nifanye nini, kaka? Mara hii nijibu ukweli.

Modesta

*

2 Februari 2025

Modesta,

Barua hii nayo haikupita mezani. Padre Romani, anayekuja kutusomea misa, ameibeba ndani ya kitabu chake. Ukishaisoma ichome.

Nisamehe kwa kukudanganya. Ndiyo, ni mwendo. Siku zote ni mwendo. Ukikimbia, maji yanachoka kabla ya kufika chini, yanapinda, yanaacha mistari. Kwenda taratibu kunakula mchanga na muda, wanafunzi wote hawapendi. Shemeji hakuwa na shida hiyo. Nilimfundisha ulipolazwa wiki tatu kwa ajili ya kumzaa Martha. Alikuwa anakuja karakana kwa sababu hakuweza kukaa nyumbani kwa hofu, nikampa kazi ya mikono imtulize. Ana mkono mzuri. Nilijivunia.

Askari waliponionyesha vipande vile kituoni nilivitambua kabla hawajafungua mdomo. Kwenye pembe alikuwa amezungusha kidogo, kama nilivyomwonyesha. Kama alijua vinakwenda wapi, mimi sijui. Huenda aliambiwa ni vya mashine ya kupandia. Huenda hakuuliza. Sijawahi kumuuliza na yeye hajawahi kuniambia. Alikuja mahabusu mara moja, akakaa dakika kumi akinitazama, akaondoka.

Nilidhani atasema. Kila siku ya kesi nilidhani ndiyo leo. Hakusema, na mimi nikawa nimeshanyamaza muda mrefu mno. Mimi sina mke wala mtoto, Modesta. Yeye ana watoto watatu, na ni watoto wako. Hesabu hiyo niliifanya mara moja na kila nikiirudia inatoka vilevile, ingawa kuna siku nalia kama mjinga nikiwa na jembe mkononi. Naogopa hapa. Sikukuambia hilo kwa sababu usingeweza kufanya lolote.

Ukipeleka vipande safi, watauliza, "Kama si Silas, basi ni nani?" Hawataacha kuuliza. Kwa hiyo peleka vile vibaya, au mwambie Konstantini umeshindwa. Hakuna atakayeshangaa.

Silas

*

Maisaka
16 Machi 2025

Kaka Silas,

Shikamoo. Mama hajambo, mguu umepungua. Zawadi amepanda, sasa ni wa pili. Mvua zimeanza, tumeshapanda Singe.

Uamuzi umeshaupata kabla ya barua hii, najua. Nakuandikia sehemu ambayo hukuiona, na barua hii inabebwa na Padre Romani, afande asiisome.

Barua yako niliichoma kama ulivyotaka. Lakini sikukutii. Nilimkabidhi wakili vipande vitatu safi, akanikumbatia, mzee wa watu, akasema, "Umemtoa kaka yako." Benson ndiye aliyetupeleka mahakamani na lori. Sanduku la vipande lilikuwa zito, akalibeba yeye kutoka kwenye gari mpaka mlangoni. Hakuuliza kuna nini ndani.

Uliniona kwenye skrini huko gerezani na mimi nikakuona. Umekonda mno. Uliona Jaji akipitisha kidole chini ya chuma, akakiweka karibu na kile cha ushahidi, akasema havina tofauti. Uliona Konstantini anatabasamu. Halafu wakili wa serikali akasimama, taratibu, bila hasira.

"Shahidi, ulianza lini kutumia mashine hii?"

"Agosti."

"Na mwanzoni ulikuwa unakata hivi?"

"Hapana. Kulikuwa na mistari."

"Ulifanya nini mistari ikaondoka?"

"Nilipunguza mwendo."

"Nani alikufundisha kupunguza mwendo?"

Kamera ilikuwa inanitazama mimi, hukuona nyuma. Benson alikuwa benchi la mwisho, amempakata Martha, Martha amelala na mdomo wazi. Hakuinamisha kichwa. Alinitazama machoni, kaka, kama mtu anayengoja zamu yake kuitwa. Mpaka leo nadhani kama ningesema, asingekimbia. Nadhani angeshukuru.

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Nilijifunza kwenye sahani niliyoitoa kwenye tangi. Halafu ningeulizwa sahani ipi, na imefungwa na nani. Mdomo wangu ulikuwa tayari. Nikamwona mtoto anageuka usingizini na kushika kola ya baba yake, nikasikia sauti yangu inasema, "Kaka yangu. Kwa barua."

Wewe, uliyekataa kunifundisha kitu hichohicho kimoja.

Yule wakili wala hakufurahi. Alisema tu, "Mheshimiwa Jaji, basi ujuzi huu bado ni wa mtu mmoja, hata akiwa gerezani," akakaa. Baada ya hapo hakuna kilichobaki, rufaa ikatupwa. Konstantini alipita mbele yangu akiwa amebeba faili zake, akatoka nje. Mama aliniuliza imekuwaje nikamwambia sheria ni ngumu.

Jana Benson alinikuta nalia jikoni, akachukua kisu mkononi mwangu akaendelea kukata mboga. Sahani bado iko kwenye tope. Nikienda peke yangu kuitoa nafika mpaka mlangoni mwa karakana, narudi. Nimekwenda mara nne. Imebaki miaka sita, na sioni siku ambayo nitaweza.

Lakini kuna kitu ambacho lazima nikuambie, unitukane ukitaka. Niliposema "kaka yangu" nilikutazama kwenye skrini. Nilitaka ukatae. Ungetikisa kichwa tu, ungesema "si kweli", ningesema yote pale pale, na Mungu angetulelea watoto. Nilikungoja. Ulikuwa na nafasi ya pumzi nzima.

Ukaniitikia kwa kichwa, kama nimejibu vizuri.

Mdogo wako,
Modesta